Nukta Baada ya Tisa

Kanyakine,
Jumatano, 22 Januari 2025

Binti yangu Kinya,

Nakusalimu kwa niaba ya nyumba nzima, isipokuwa mama yako Cicily, ambaye hajui kwamba naandika.

Utauliza kwa nini naandika ilhali simu ipo. Kwa sikio hili moja lililonibakia, simu hunilazimu kuweka sauti ya nje, na sauti ya nje ni mkutano wa hadhara. Mama yako husikia, ndugu yako Mithika husikia akiwa zizini, na jirani yetu Ruguru huja baadaye kuuliza kama yale niliyoyasema ni kweli. Simu tuiachie salamu na habari za mvua. Mambo mazito yataendelea kusafiri kwa bahasha, kupitia ofisi ya vifurushi, kama yalivyosafiri tangu ulipoingia kidato cha kwanza.

Nina hoja moja tu. Jumatatu nilitolewa damu huko Embu, katika maabara unamofanya kazi. Daktari wa upasuaji alinieleza kwamba uvimbe ulio katika utumbo wangu mpana hutema kitu fulani ndani ya damu, na kwamba kitu hicho hupimika. Alisema mpaka wa kawaida ni tano. Alisema pia kwamba kadiri mtu anavyoanza juu ya mpaka huo, ndivyo safari yake inavyotabiriwa kuwa ngumu, hata baada ya kukatwa. Aliyasema hayo kwa upole, akiitazama kalamu yake. Nimefundisha Hisabati miaka thelathini na minne, na ninamjua mtu anayeitazama kalamu yake.

Unamkumbuka baba yako mdogo, Runji. Alikatwa wakati mambo yamekwisha kuharibika, akafia mezani, na hadi leo watu wa ukoo husema heri angebaki nyumbani akala chakula chake cha mwisho akiwa na tumbo zima. Mimi nimeamua hivi: iwapo namba hiyo inaruhusu tumaini, nitalala juu ya meza yao tarehe kumi Februari. Iwapo imevuka mpaka kwa mbali, sitakubali kisu. Nitakaa chini ya paa langu, nitawaaga watu wangu nikiwa na akili timamu.

Matokeo yatakwenda kwa daktari, hilo ni sawa. Lakini mimi nataka kuyapokea kwa mwandiko wako. Daktari ananihurumia. Wewe nilikulea usinihurumie katika hesabu.

Ni mimi babako,
Kailemia


Embu,
Jumatatu, 27 Januari 2025

Baba mpendwa,

Barua yako ilinifikia Ijumaa na nimeisoma kwa utulivu ulioutaka, au karibu na utulivu huo.

Matokeo yametoka. Namba yako ni 9.4. Iko juu ya mpaka, sitaficha, lakini iko juu yake kama mtu aliyevuka kizingiti na bado mguu mmoja uko nje. Wapo wengi walioanza hapo, wakakatwa, wakarudi mashambani mwao. Tumaini ulilolitaja lipo, tena lina nafasi ya kutosha kukaa.

Nakuomba mambo mawili. La kwanza, tarehe kumi isisogezwe. Uvimbe hauna likizo. La pili, usimsumbue daktari kwa namba hii. Yeye ana picha zake na mwili wako mbele yake, na wagonjwa ni wengi mlangoni. Namba niachie mimi, nitakuwa nakufafanulia kila moja inapotoka.

Mwambie mama nimepata vile viazi vikuu, na mchumba wangu Njiru amevisifu hata kabla havijaiva. Anasema watu wa kwao Siakago hawajawahi kuona viazi vya ukubwa huo. Nimemjibu kwamba hata mvua hawajaiona sana.

Mwanao,
Kinya


Kanyakine,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Binti yangu Kinya,

Nimeipokea 9.4. Niliiandika kwa penseli ndani ya jalada la Biblia, nikaitazama siku tatu, na haikubadilika. Ni namba ambayo mtu anaweza kusimama mbele yake.

Nitakwenda. Mithika atanipeleka Jumapili jioni baada ya ibada. Nimemwambia mama yako kwamba ni upasuaji wa kawaida, naye amenijibu kwamba mtu aliyeishi na mwalimu mkuu miaka arobaini anajua neno "kawaida" linatumika lini.

Nakushukuru kwa kunipa hesabu bila sukari.

Babako,
Kailemia


Kanyakine,
Ijumaa, 14 Machi 2025

Binti yangu Kinya,

Ni mwezi mmoja na siku nne tangu nikatwe. Mshono umekauka. Juzi nilitembea hadi kwenye migomba ya chini na kurudi, bila fimbo, ingawa Mithika alinifuata nyuma akijifanya anamtafuta ndama.

Jumatatu nilikwenda kliniki huku Meru. Daktari alifungua faili, akatabasamu, akasema mambo yamekwenda vizuri sana. Tezi kumi na tano zilichunguzwa, na mbili zilikuwa na ugonjwa. Kwa ajili ya hizo mbili wamenishauri nianze dawa za kemo, nami nikawashukuru kwa ushauri wao. Damu nayo ilipimwa, na matokeo ni ya kuridhisha kwa mtu wa umri wangu.

Sasa nina ombi. Watu wa Siakago walipanga kuja kwa ruracio, kuzungumzia mahari yako, mwezi Desemba. Waombe waje mwisho wa mwezi huu, Jumamosi tarehe ishirini na tisa. Sitaki makuu. Nataka kumwona baba yake Njiru ameketi katika kiti changu akinywa uji wangu, tukubaliane kama watu wazima. Mambo mema hayana haja ya kungoja mwisho wa mwaka.

Nimekuwa nikipanga makaratasi yangu. Unajua jinsi makaratasi ya mwalimu yanavyozaana.

Babako,
Kailemia


Embu,
Jumanne, 18 Machi 2025

Baba mpendwa,

Nimesoma barua yako nikiwa bado na koti la maabara, nikacheka peke yangu hadi Winfred wa meza ya pili akauliza kama nimepandishwa cheo. Baba anayetaka kuharakisha ruracio ni baba aliyepona. Nilimpigia Njiru papo hapo. Anakusalimu, ila anasema wazee wa kwao hawawezi kukusanyika kwa siku kumi na moja. Mmoja amekwenda na ng'ombe kutafuta malisho na wengine wanasema ni aibu kufika kwa wakwe kama waliokimbizwa. Wanaomba ibaki Desemba. Nami nimeona hakuna ubaya, kwa kuwa wakati huo utakuwa umemaliza dawa na utaweza kula nyama pamoja nao.

Hukuniambia dawa zinaanza lini. Wengi huzianza ndani ya wiki nane baada ya kukatwa. Kwako wiki nane zinakamilika Jumatatu tarehe saba Aprili. Wakichelewa sana faida yake hupungua, kwa hiyo tafadhali niandikie tarehe.

Hukuniambia pia namba. "Ya kuridhisha" si namba, Baba. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo.

Mwanao,
Kinya


Kanyakine,
Ijumaa, 21 Machi 2025

Kinya dadangu,

Mimi si mtu wa barua, hiyo ni kazi yenu na Mzee. Lakini nikikupigia simu atanisikia, sauti yangu ni ya kuita ng'ombe. Na kwa ujumbe wa simu haya maneno hayaingii. Nimeficha hii karatasi ndani ya mkungu wa ndizi, natumai umeiona kabla ya kupika.

Mzee hajaanza dawa yoyote. Walimpa tarehe ishirini mwezi huu, ndiyo jana. Nilikuwa nimeosha gari la binamu yetu Mutugi tayari tumpeleke, akatoka nje na kofia ya shamba, akasema hatuendi. Nikamuuliza kwa nini. Akasema hesabu imekataa.

Nilimsumbua mpaka akanieleza, tukiwa tunakata majani ya ng'ombe. Anasema wewe ulimwambia alianza na 9.4. Sasa kwa kliniki walimpa karatasi ya damu, imeandikwa 7.8. Bado iko juu ya tano. Akanitolea hesabu kama mtoto wa shule. Akasema, "Mithika, kisu kilikaa ndani yangu saa nne, na kikatoka na moja nukta sita. Hiyo si kazi. Huo ni mkwaruzo." Anasema daktari ni kijana mzuri, anasema imeshuka vizuri ili kumfariji mzee, lakini Kinya hadanganyi na namba ya Kinya ndiyo anaamini. Anasema dawa ya kemo itamlaza kitandani miezi yake ya mwisho bure.

Ameita ukoo wote Jumamosi tarehe tano Aprili. Atatembea mpaka wa shamba na kutuonyesha kila mtu mahali pake. Mbuzi amechaguliwa. Mama anafikiri ni sherehe ya kushukuru Mungu kwa upasuaji, anatafuta masufuria ya kuazima.

Mimi sijui hizo namba. Wewe ndiwe unazijua. Kama kuna kitu cha kumwambia, mwambie haraka, maana mimi sitaki shamba.

Ndugu yako,
Mithika


Embu,
Jumapili, 23 Machi 2025

Baba,

Nimeandika barua hii mara nne, na hii ya nne nitaituma jinsi ilivyo.

Namba ya Januari haikuwa 9.4. Ilikuwa 94.2.

Matokeo rasmi yalikwenda kwa daktari yakiwa sahihi. Sikugusa chochote maabarani, na ninaomba uniamini katika hilo hata kama huna sababu. Niliigusa barua tu. Nilisogeza nukta hatua moja kushoto, mbili ikadondoka nje, nikafunga bahasha. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kulamba stempu. Daktari anajua 94.2 tangu mwanzo, na ndiyo maana alitabasamu alipoona 7.8. Hakuwa anamfariji mzee. Alikuwa anatazama namba iliyoanguka kutoka tisini na nne hadi chini ya nane kwa wiki nne, na ambayo huenda bado inaanguka, kwa sababu kitu hicho hakiondoki katika damu kwa siku moja. Wewe ulitoa 7.8 kutoka kwa 9.4 ukapata mkwaruzo. Hesabu yako ilikuwa sahihi. Ni mimi niliyekupa swali la uongo.

Nilifanya hivyo kwa sababu uliniandikia kwamba namba ikivuka mpaka kwa mbali hutakubali kisu. Nilikaa na karatasi yenye 94.2 mkononi, na barua yako mkono wa pili, nikaona kwamba mkono mmoja unaweza kuua kupitia ule mwingine. Sikuwa na ujasiri wa kukuomba ukatwe ukiijua. Nilikuwa na ujasiri wa kudanganya tu.

Kuna jambo jingine, na sijawahi kulisema. Unakumbuka darasa la sita, nilipokuwa nakusaidia kunakili alama za Hisabati kwenye karatasi kubwa ya ukutani, nikampa Wambeti hamsini na nane badala ya thelathini na nane. Ulinisimamisha mbele ya gwaride, ukaniamuru nisome upya alama za kila mtoto kwa sauti. Shule nzima ilidhani niliyeadhibiwa ni mimi. Baba, mimi nilisoma tu. Aliyelia ni Wambeti, na alilia hadi muhula ukaisha. Wewe ulitaka nijifunze kwamba uongo ni mbaya. Nilichojifunza siku ile ni kwamba ukweli humwangukia yule anayetajwa jina, wala si yule anayeusoma. Januari aliyetajwa jina alikuwa wewe.

Sasa nitakupa hesabu bila sukari, kama ulivyonishukuru bure. Kuanza na 94.2 ni kubaya. Kunatabiri njia ngumu kuliko 9.4, na hakuna namna ya kulisema hilo kwa uzuri. Lakini waliofuatilia wagonjwa wengi kwa miaka mingi wanasema kwamba walioanza juu ya mpaka wakashuka chini yake baada ya kukatwa huendelea karibu sawa na wale ambao hawakuuvuka kabisa. Wewe bado hujashuka chini ya tano. Umebakiza kidogo. Na hata ukishuka, zile tezi mbili bado zinadai dawa, kwa kuwa namba inaweza kunyamaza wakati mbegu bado imo udongoni. Wala namba hii haijui jina lako. Inazungumza juu ya umati. Ulikuwa ukitabiri kila mwaka ni watoto wangapi wa darasa la nane watakaofaulu, na ulikuwa sahihi karibu kila mara, lakini hukuweza kamwe kusema ni nani.

Zimebaki siku kumi na tano hadi tarehe saba. Nitakuja Jumamosi. Nimeitanguliza barua ili usilazimike kuyasikia haya kwa sikio moja, mama akiwa jikoni.

Kinya


Embu,
Jumatatu, 31 Machi 2025

Baba,

Nilikuja. Ulinipokea mlangoni, ukaniuliza habari za barabara. Ulinimiminia chai mwenyewe. Tulizungumza juu ya mvua iliyochelewa, juu ya ugonjwa wa migomba, juu ya bei ya majani chai, na mama alikaa kati yetu muda wote akichambua njegere. Ulinionyesha mbuzi. Ulisema ni mbuzi mwenye adabu.

Sijui kama barua ilifika. Ofisi ya vifurushi inasema ilichukuliwa Jumatano na mtu aliyetia sahihi, lakini sahihi yenyewe ni mstari tu. Nilikuwa nimeamua kukuuliza tukiwa njiani kwenda barabarani, ukamtuma Mithika anisindikize.

Nimekuwa nikiosha chupa ambazo tayari ni safi. Leo Winfred aliniondoa kwenye mashine, akasema mtu anayetazama saa kila dakika asishike damu za watu. Njiru alipendekeza aje mwenyewe kuzungumza nawe. Nilimkataza. Huwezi kuanza na mkwe kwa habari kwamba binti anayemtaka ni mwongo.

Ikiwa umeisoma na umeamua kunyamaza, ninyamazie mimi. Usiinyamazie dawa. Nikane mbele ya ukoo ukitaka, lakini Jumatatu uwe Meru.

Kinya


Kanyakine,
Jumatano, 9 Aprili 2025

Binti yangu Kinya,

Mwandiko huu utauona umepinda. Tangu Jumatatu, nilipoanza dawa, nikigusa kitu cha baridi vidole hufa ganzi na kuchomachoma, na kalamu ya chuma ni kitu cha baridi. Mama yako ameizungushia kitambaa.

Mithika amekwisha kukuambia kwamba nilikwenda. Yeye hueleza mambo kama anayerusha majani zizini, kwa hiyo nitakueleza upya kwa utaratibu.

Barua yako ilinifikia Jumatano ile, na sahihi ya mstari ni yangu. Ulipoketi mbele yangu Jumamosi nilikuwa nimeisoma mara saba. Sikunyamaza ili kukutesa. Kila nilipofungua kinywa nilikuta hasira imefika kabla ya maneno, na sikutaka kukukaripia juu ya njegere za mama yako. Nilikuwa na hasira kwamba ulinidanganya. Kisha nikawa na hasira kwamba nilifurahi kudanganywa, maana ile penseli katika jalada la Biblia niliipenda. Na chini ya hizo mbili palikuwa na woga wa tisini na nne, ambao ulikuwa umengoja miezi miwili nje ya mlango wangu, na sasa umeingia na kuketi.

Jumamosi tarehe tano ukoo ulikuja. Watu thelathini na watatu, kwa hesabu ya sahani. Walidhani tutatembea mpaka wa shamba. Mutugi alikuwa amekwisha kuvaa viatu vya mpira. Nilisimama, kama nilivyosimama mbele ya gwaride maisha yangu yote, na nilikuwa na hotuba tayari ya kuwaaga. Nikaikunja. Nilisema hivi, nami nakuandikia kama nilivyosema:

"Ndugu zangu, niliwaita kuwagawia shamba kwa sababu ya namba niliyopewa. Namba ile haikuwa sahihi. Iliyo sahihi ni tisini na nne nukta mbili. Hiyo ndiyo niliyoanza nayo. Baada ya kisu imebaki saba nukta nane, na Jumatatu naenda kuanza dawa ya kuifukuza iliyobaki. Inawezekana isifukuzike. Hayo ndiyo matokeo yangu na nimeyasoma mwenyewe."

Kisha Mutugi akauliza, hiyo tisini na nne ni kati ya ngapi. Nikamjibu kwamba haina mwisho wa juu. Akasema, "Basi huo si mtihani, Mwalimu. Kaa chini tule." Watu wakacheka, hata mimi, na mshono ukanikumbusha kwamba bado upo. Mawe ya mpaka hayakuwekwa. Mbuzi aliliwa hata hivyo, kwa kuwa mbuzi aliyekwisha kuchinjwa hana cha kuahirisha.

Mama yako hakucheka. Alingoja wageni waondoke, akaniuliza ni lini nilipanga kumwambia. Alisema, "Mwanao alijifunza kuficha kwa nani?" kisha akaenda kunichemshia maji ya kuoga. Ndivyo alivyoniadhibu, na ilitosha.

Kuhusu Wambeti. Umenirudisha mahali ambapo sikutaka kurudi. Nilipokuwa nikiisoma namba yangu mbele ya watu ndipo nilipojua tofauti. Mtu akisoma yake, miguu yake mwenyewe humshikilia. Yake akisomewa na mwingine, huanguka. Ile thelathini na nane ilikuwa ya Wambeti, na nilikupa wewe uisome mbele ya watoto mia nne. Nilikuwa sahihi katika hesabu, na kwa mtoto yule nilikosa. Nitamtafuta, na nitamwambia hivyo.

Wewe sijakusamehe bado. Nakuambia ili usidhani kwamba barua ndefu ni msamaha. Walinieleza kwamba dawa hii huchukua miezi, na kwamba haifanyi kazi kwa siku moja hata mgonjwa akiitaka kwa nguvu. Nadhani hili letu ni la namna hiyo. Wakati huohuo najua kwamba ungenipa 94.2 mwezi Januari, leo ningekuwa na tumbo zima na uvimbe ndani yake. Sijui niziweke wapi kweli hizi mbili. Kwa sasa nimeziacha mezani, zitazamane.

Waambie watu wa Siakago kwamba Desemba haiondoki. Iwapo nitakuwepo nitawapokea mimi. Iwapo sitakuwepo, Mithika anajua kiti ni kipi.

Jambo la mwisho. Jumatatu, kabla ya kunitundikia dripu, walinitoa damu tena. Jana Mithika aliniletea majibu katika bahasha ya hospitali. Nimekaa nayo usiku mmoja na mchana mmoja. Sijaifungua. Ningeweza kuifungua, macho yangu ni mazima na tarakimu nazijua, na nimekwisha kusema kwamba mtu asome yake mwenyewe. Lakini hii ninaituma kwako ndani ya barua hii, imefungwa kama walivyoifunga. Ifungue wewe. Uniandikie kilichomo.

Babako,
Kailemia


Embu,
Ijumaa, 11 Aprili 2025

Baba,

Bahasha ilifika jana jioni ikiwa imefungwa. Niliikata kwa mkasi, juu ya meza, Winfred akiwa shahidi, kwa kuwa sikuuamini mkono wangu.

Iko chini ya mpaka. Iko chini kwa uzi mmoja, na siwezi kukuambia kwamba uzi ni kamba. Inaweza kushuka zaidi. Dawa hizi zinaweza pia kuipandisha kidogo kwa muda bila maana yoyote, nawe usianze kupanga mawe ya mpaka ikitokea. Watapima tena baada ya miezi mitatu, na tena baada ya mitatu mingine, na kwa miaka kadhaa tutakuwa watu wa kungoja karatasi. Nakurudishia karatasi yenyewe pamoja na barua hii ili ulinganishe.

Ni 4.9. Nne nukta tisa. Nimeiandika kwa tarakimu na kwa maneno, ili nukta isipate mahali pa kusogea.

Mwanao,
Kinya